Simu ya Saluni Mikononi mwa Kasuku

Ukitaka kumjua Bi Nyuzi alivyo, usimtazame usoni, mtazame vidole. Vilikuwa virefu, vyeusi kwenye ncha kwa rangi na mafuta ya miaka mingi, na havikutulia hata alipokaa kitako akingoja chai ipoe, vilisuka hewa. Alianza kusuka akiwa msichana wa shule, akiwasuka wenzake kibarazani kwa mama yake, na tangu hapo alikuwa ameshika vichwa vya mtaa mzima, mama, kisha binti, kisha binti wa binti. Wanawake wenye vyeo vyao, wanaotetemekewa huko maofisini, wakiingia kwake waliambiwa inama wakainama. Alijivunia jambo hilo, wala hakujisumbua kulificha.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la viatu na kibanda cha fundi cherehani. Kulikuwa na kioo kikubwa ukutani, kiti cha watu wazima, kiti kirefu cha watoto kilichotandikwa mto, benchi la wanaongoja zamu, kamba ya taulo, na nyuma ya pazia jiko la umeme lenye sufuria ya maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta zisifumuke. Sheria za mle ndani hazikuandikwa popote, lakini kila mtu alizijua. Kubwa kuliko zote ni kwamba kichwa hakitoki nusu.

"Ukikaa kwangu umekaa," alikuwa akisema. "Mtu akikuona barabarani na nusu kichwa hatauliza wewe ni nani. Atauliza nani kakusuka."

Siku hizi wateja hawapigi hodi, wanaandika. Binti yake aliyeolewa mbali ndiye aliyemfungulia ukurasa wa saluni kwenye simu, akamfundisha kupiga picha kila kichwa kinapoisha: mbele, ubavuni, kisogoni. Picha zikapendwa, hasa za watoto, na ujumbe ukaanza kumiminika. Tatizo lilikuwa mikono. Mikono ya msusi ikishaingia kwenye mafuta na jeli haishiki simu. Ikijaribu, simu inachoropoka kama sabuni bafuni. Basi ikawa ndiyo desturi ya mle ndani kwamba mtoto aliye kitini anashika simu. Anasoma ujumbe kwa sauti, Bi Nyuzi anajibu kwa mdomo, mtoto anaandika. Mteja anajibiwa, na mtoto naye anatulia, hachezeshi kichwa.

"Mwambie Jumanne asubuhi nina nafasi. Na uandike maneno mazima, usinikatie katie kama uliyekimbizwa na mbwa."

Katika makarani wote waliopita kwenye kile kiti, hakuna aliyemfikia Kasuku. Alikuwa msichana wa darasa la tano, mwembamba, mwenye nywele nyingi kuliko uso. Mama yake alifua mashuka hospitalini kwa zamu, na Jumamosi zake za kazi alimwacha mtoto kwa Bi Nyuzi asubuhi, akamchukua jioni. Hawakuwa ndugu, ila mama huyo alikuwa amesukwa na Bi Nyuzi tangu hajaota meno ya ukubwa, na mtoto alimwita Bi Nyuzi "Bibi" bila kuambiwa na mtu. Simu ya kwake Kasuku hakuwa nayo. Mama alikuwa amekataa katakata. "Simu utaipata ukimaliza shule, na ukiniuliza tena utaipata ukizeeka."

Jina la Kasuku alipewa palepale saluni kwa ajili ya mdomo wake. Alisoma ujumbe wa kila mteja kwa sauti ya mteja mwenyewe. Wa mnene aliusoma kwa pumzi, wa maringo aliusoma puani, na benchi zima likawa hoi kwa kicheko. Kisha, bila mtu kujua ni lini hasa, akanyamaza. Alishika simu, akaandika, akaitikia "ndiyo Bibi", "hapana Bibi", basi.

"Anakua," alisema Muuza Mkaa, mteja wa siku nyingi, mama wa mwili mkubwa na sauti iliyozoea kushindana na magari ya sokoni. "Wakifika umri huo wanaumeza ulimi. Wataurudisha wakishaolewa, tena kwa fidia."

Watu walicheka, na Bi Nyuzi akacheka nao.

Jumamosi hiyo ninayoisimulia walikuwa watatu tu mle ndani. Muuza Mkaa alikaa kwenye kiti cha watu wazima, kichwa kimepakwa rangi nyeusi na kufungwa mfuko wa nailoni, akingoja ishike. Kasuku alikuwa kwenye kiti kirefu. Upande wa kulia umeshasukwa, rasta zinaning'inia. Upande wa kushoto nywele zimechambuliwa, zimesimama wima kama zilizoona jambo.

"Bibi, utamaliza saa ngapi?"

"Kichwa kikiisha."

"Nisukie kubwa kubwa tu. Ziwahi kuisha."

"Wewe uliyelia mwezi uliopita kwamba nimekusukia nene kama kamba za ng'ombe? Tulia."

Hakutulia. Goti lake lilikuwa likitetemeka chini ya taulo. Bi Nyuzi alishuka na kitana kwenye kisogo, na hapo ndipo vidole vilipompa habari. Miaka yote hiyo alikuwa amejifunza kwamba mtu anaweza kukuchekea mdomoni na kukufumbia macho kwa raha, lakini shingo hawezi kuiamrisha. Shingo ya mtoto huyu ilikuwa imekaza kama mpini wa jembe.

Simu ikatetema. Kasuku hakusoma kwa sauti.

"Nani huyo?"

"Mteja. Anauliza rangi."

"Mwambie rangi zote zipo."

Kasuku akaandika, na alichoandika kilikuwa kirefu kuliko rangi zote zipo. Bi Nyuzi akaishusha miwani puani, akajitia kutafuta mstari karibu na sikio la kushoto, akachungulia juu ya bega. Kusoma kwake kulikuwa kwa shule ya msingi, neno kwa neno, midomo ikitikisika, lakini neno likishaingia lilikuwa limeingia.

*Umechelewa. Niko hapa duka la viatu. Usipotoka sasa hivi ile picha naituma kwa mama yako na kwa mwalimu wako.*

Na chini yake, kwa mkono wa Kasuku: *Bado nasukwa. Nakuomba usitume. Nakuja.*

Juu ya maneno hayo palikuwa na jina, Dada Nyota, na picha ya msichana mdogo anayecheka, kichwa kimesukwa vizuri.

Bi Nyuzi alilijua jina hilo. Lilikuwa la mmoja wa watu waliosifu picha kila zinapowekwa. Na hapo akakumbuka siku Kasuku alipomsoma Dada Nyota kwa sauti, akimwigiza kwa kujirembua: "Anasema huyu aliyesukwa amependeza mno, anaitwa nani, na anasoma shule gani?" Na yeye, Bi Nyuzi, mikono imo kwenye mafuta, moyo umemvimba kwa sifa, akajibu: "Mwambie ni wewe, mjukuu wangu. Mwambie na shule. Ringa mama, umesukwa."

Vidole havikusimama.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kofi. Alikuwa amewalea wanawe kwa makofi na hakuwahi kuona haja ya kujitetea. Kumpokonya simu, kumzaba, kumuuliza kulikoni. Lakini mlango ulikuwa wazi, na duka la viatu liko hapohapo ukutani. Mtoto akiruka kutoka kwenye kiti kile, kwa miguu ile myembamba, ni mwanamke gani mwenye magoti mabovu atamkimbiza? Nje kuna mtu anayemngoja. Akitoka kwa hofu ya kofi, atakuwa amefukuzwa hadi mikononi mwa mtu huyo.

Basi Bi Nyuzi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa kusudi. Akaishika rasta aliyotoka kuimaliza, akaifumua.

"Bibi, umefanya nini?"

"Mstari umepinda."

"Haujapinda."

"Msusi hapa ni nani?"

"Leo Bi Nyuzi kapinda mstari?" Muuza Mkaa akadakia kutoka kwenye mfuko wake wa nailoni. "Nitakwenda kuwatangazia sokoni. Watafunga biashara mapema."

Bi Nyuzi akamtazama kwenye kioo. Hakukonyeza, hakutikisa kichwa, alimtazama tu, kwa muda. Yule mama alikuwa ameuza mkaa maisha yake yote kati ya wezi na mgambo wa mji. Kutazamwa namna hiyo alikujua. Akaufunga mdomo, akaanza kuangalia mlango.

Bi Nyuzi akafumua rasta nyingine. Kisha akaugeuza mpini wa kitana, akagonga ukuta wa upande wa pili. Fundi Cherehani akatokea mlangoni, tepu imemzunguka shingoni, sindano kwenye ukosi wa shati.

"Unagonga kama nyumba inaungua."

"Chukua pikipiki yako uende hospitali, kule kwenye kufulia. Mlete mama yake huyu. Mwambie mtoto hajaumia, ila aje sasa, aache hata shuka ndani ya maji."

"Bi Nyuzi, nina suruali ya mteja mezani, anaifuata sasa hivi."

"Atakaa aingoje. Atakuja na nyingine mwilini, au sivyo?"

Fundi alifungua kinywa kwa mzaha mwingine, akamwona Kasuku, akakifunga. Mtoto alikuwa amegeuka rangi ya jivu. Pikipiki ikasikika ikiwaka nje.

"Bibi, usimwite mama." Kasuku alikuwa ameshashusha mguu mmoja. "Nakuomba Bibi. Natoka kidogo tu, narudi, utamalizia."

Mkono wake ukapanda kichwani, ukagusa upande wa kushoto uliosimama wima, ukabaki pale. Hata katika hofu ile aliona aibu kutoka hivyo. Bi Nyuzi akaitumia aibu hiyo haraka kabla haijapita. Akazunguka mbele ya kiti, akapiga magoti sakafuni, magoti yakamlilia, akawa chini ya uso wa mtoto badala ya juu yake.

"Nimesoma," alisema. "Nimeona yote mawili, lake na lako. Sikugombezi. Niambie ni nani."

Kasuku akatazama mlango, akatazama simu, kisha machozi yakaja bila sauti. Maneno yalifuata vipande vipande. Dada Nyota alisema ana umri kama wake. Alisema kuna mashindano ya picha za watoto waliosukwa vizuri, na yeye Kasuku amechaguliwa. Akaomba picha ya uso. Akaomba nyingine, amesimama. Kila picha ilikuwa nzuri ila ilipungukiwa na kitu, na kila alichopunguza au kuongeza kilizaa ombi jingine, mpaka ikafika picha moja ambayo Kasuku hakuweza kuitaja, na Bi Nyuzi hakumlazimisha aitaje. Aliipiga hukuhuku, nyuma ya pazia, siku Bi Nyuzi alipokwenda kuchota maji. Baada ya hiyo Dada Nyota akaacha kuwa dada. Akadai wakutane, akasema atakayekuja ni kaka yake.

"Nikimfuata ataifuta mbele yangu. Ameahidi."

"Hataifuta."

"Ameahidi, Bibi."

"Ukimfuata leo, kesho atakuambia amebaki na nyingine. Mtu anayekutisha hivi amefuta nini katika maisha yake?"

"Mama ataniua."

"Mama yako atalia. Atapiga kelele mpaka kioo hiki kitikisike. Pengine atakuzaba kofi kabla sijamshika mkono. Kisha atakaa upande wako, na hapo hatoki. Yule wa nje hatakaa upande wako hata siku moja."

Kidole cha Kasuku kilikuwa kimeanza kutembea juu ya kioo cha simu. "Basi nifute kwanza haya maneno. Asiyaone."

"Usifute."

"Nafuta tu yangu."

"Mwanangu, sikiliza. Ukifuta, yeye atabaki na kila kitu, sisi tutabaki na mdomo mtupu. Nani atatuamini? Nipe."

Hapo palikuwa pagumu kuliko pote. Bi Nyuzi alinyoosha kiganja chake chenye mafuta na hakukisogeza mbele. Angeweza kuinyakua. Akangoja. Simu ikatetema tena mkononi mwa mtoto, naye akaruka kama aliyeunguzwa, na kwa mruko huohuo akaiachia kiganjani mwa Bi Nyuzi. Ikateleza, ikashikwa, ikazama kwenye mfuko wa aproni.

Hazikupita dakika nyingi, kivuli kikaingia kabla ya mtu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, funguo za gari zinacheza kidoleni. Ukimwona ungempa mtoto akuvushie barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," ikamtoka Bi Nyuzi kwa mazoea, na kama ingewezekana angeirudisha.

"Nimemfuata binti. Mama yake amenituma nimpeleke nyumbani."

"Kichwa hakijaisha."

"Haidhuru. Atamaliziwa siku nyingine."

Bi Nyuzi alikuwa ameshasimama nyuma ya kiti, viganja vyote viwili juu ya kichwa cha Kasuku. Chini ya viganja alisikia mtetemo, kama wa sufuria inayokaribia kuchemka.

"Na wewe ni nani kwake?"

"Mjomba."

"Mjomba wa upande upi?"

Akatabasamu. "Mama, mjomba ana pande ngapi? Wa upande wa mama."

"Ajabu," alisema Muuza Mkaa taratibu. "Kwao walizaliwa wasichana watupu. Baba yao alikufa akililia mtoto wa kiume. Ulikuwa umejificha wapi, baba?"

"Mjomba wa ukoo," alisema yule mtu, bado anatabasamu, lakini macho yalikuwa yameacha kutabasamu na yalikuwa yakitafuta kitu. Yalipita mezani, yakapita mikononi mwa mtoto, yakatua kwenye mfuko wa aproni.

"Basi mjomba wa ukoo, kaa kwenye benchi," alisema Bi Nyuzi. "Mama yake yuko njiani anakuja. Mtasalimiana."

Hakukaa. Akapiga hatua moja ndani. "Naomba hiyo simu. Kuna mambo yangu na mtoto humo, madogo tu."

"Simu ni yangu."

Hatua nyingine. Bi Nyuzi akakivuta kiti kirefu na mtoto juu yake, kikasaga sakafu hadi kwenye pazia. Akaingiza mkono nyuma, akaitoa sufuria ya maji ya moto kwa taulo mbili, akaishika mbele ya tumbo. Mvuke ulimpanda usoni ukaziba miwani, akawa hamwoni mtu ila umbo lake, na umbo lile likasimama.

Mlangoni, Muuza Mkaa alikuwa ameinuka. Rangi nyeusi ilikuwa ikimtiririka kutoka chini ya mfuko wa nailoni, shingoni, begani, hadi kwenye gauni lake zuri, naye amesimama ameujaza mlango wote. Bi Nyuzi akaona hatari ya jambo hilo: mtu amezibiwa njia, na mtoto yuko ndani naye.

"Mama Mkaa, mpishe," alisema. "Anataka kutoka."

Yule mama akasogea, shingo upande.

Mtu huyo alicheka kidogo. Sauti yake ilikuwa laini vilevile, na hilo ndilo lililoogofya. "Mnajisumbua. Mtoto mwenyewe ndiye aliyenitumia, sikumwibia. Nikiitoa ile picha, mtaa wote utajua mnachokilea humu ndani."

Kasuku akajikunja juu ya kiti kama karatasi karibu na moto.

"Itoe," alisema Bi Nyuzi. Mikono yake ilikuwa ikiungua kupitia taulo. "Mama yake anaelezwa leo hii, na mwanawe mwenyewe. Mwalimu ataelezwa Jumatatu, na mimi. Wewe utakuwa unawatangazia watu habari wanayoijua."

Yule mtu akazikunja funguo kiganjani. Akageuka, akatoka, mwendo wa mtu aliyekumbuka shughuli. Muuza Mkaa alimfuata hadi katikati ya barabara, na rangi yake na mfuko wake, na sauti ile ya sokoni ikafunguka: "Jamani, itazameni gari hii. Mtazameni na mwenyewe. Tazameni vizuri, mtaulizwa." Watu wa duka la viatu wakatoka, wenye kununua na wenye kuuza, wakatazama. Gari la kijivu likaondoka bila kuwasha taa ya kukata kona.

Ndani, Bi Nyuzi aliitua sufuria, akagundua kwamba hawezi kuvikunjua vidole.

Mama wa Kasuku alifika amelowa hadi viwiko, aproni ya hospitali bado imefungwa. Fundi Cherehani alibaki nje, akauvuta mlango. Bi Nyuzi alimgusa mtoto begani tu. Na Kasuku akasimulia, akitazama miguu ya mama yake, yote, hata ile picha. Alipofika hapo mama aliinua mkono. Ukasimama hewani, ukashuka polepole kwenye ile nusu ya nywele zisizosukwa, akamvutia mtoto tumboni kwenye aproni iliyolowa, akalia kwa sauti mbaya, isiyo na mpangilio.

Kisha akainua uso kwa Bi Nyuzi.

"Nilimnyima simu mimi."

"Ulimnyima."

"Nilisema hapana. Nilionekana mshamba, nilionekana mkatili, nikasema hapana."

"Na mimi nikampa," alisema Bi Nyuzi.

Alikuwa na la kuongeza. Mikono yenye mafuta, wateja wanaongoja, binti aliyefungua ukurasa. Aliyatazama maneno hayo moja moja, akayaacha yalipo. Akafungua aproni, akaitundika, akachukua kitambaa akamfunga Kasuku kichwani, nusu na nusu ikiwa vilevile, wakaenda polisi.

Askari waliyepewa alikuwa mwanamke kijana, mtaratibu, aliyemkalisha mtoto karibu na mama yake na kumuuliza anataka kuanzia wapi. Simu akaisoma mwenyewe, kwa muda mrefu, akirudi nyuma na nyuma. Gari la kijivu halikuwa shida, nusu ya wanunuzi wa viatu walikuwa wanalikumbuka. Baada ya siku chache mtu huyo alikamatwa, na nyumbani kwake zikakutwa simu kadhaa, kila moja ina dada yake anayecheka.

Lakini jioni ileile ya kwanza, kabla hawajaondoka, yule askari alimwita Bi Nyuzi pembeni.

"Mama, huyu Dada Nyota hakuandikiana na Kasuku peke yake. Majibu mengine si ya mkono wake. Uandishi si mmoja. Ni watoto gani wengine walioshika simu hii?"

Bi Nyuzi alifumba macho. Vichwa vikaja. Wenye kipilipili, wenye nywele laini zisizoshika rasta, mwenye kovu la kuanguka ngazini, mwenye kidoti kisogoni. Wote walikaa kwenye kile kiti, wote aliwapa simu na kuwaambia tulia.

"Nawajua," alisema. "Nipe nafasi nianze mimi. Ninyi mkitangulia na sare zenu watoto watajificha. Nikimaliza nakuja kukueleza."

Kwanza, kwa idhini ya yule askari, aliondoa picha zote za watoto kwenye ukurasa. Kisha akaifunga saluni, akavaa gauni lake la kutokea, akaanza kupiga hodi. Tangu zamani watu ndio waliomfuata yeye. Sasa alisimama vizingitini mwa watu na kusema, nimekuja kwa jambo zito, na limetoka kwangu. Kuna waliomkaribisha ndani, wakamsikiliza wakiwa wameshikilia midomo. Kuna aliyemwambia asirudi tena na asithubutu kumtaja mwanawe. Kuna aliyemwita mchawi. Mama mmoja alichukua simu ya mumewe na kumpiga picha akiwa amesimama pale mlangoni, ili ajulikane. Bi Nyuzi alisimama wima akapigwa.

Nyumba ya karani mkuu wa benki ilikuwa na geti na kengele. Huyo alikuwa mteja wake mkubwa, mwanamke wa manukato na maneno machache, na binti yake, mrefu, alikuwa ameacha kuja saluni bila sababu tangu miezi iliyopita. Mama huyo alisikiliza akiwa ameshika kitasa. Uso wake ulianza kwa adabu, ukaishia kwa ubaridi.

"Bi Nyuzi, nakuheshimu sana. Lakini mwanangu si mtoto wa namna hiyo. Hapa kwangu anasimamiwa."

"Na yule mwingine alisimamiwa pia, mama. Sijaja kumtuhumu. Muulize tu, tena kwa upole."

"Sina cha kumuuliza. Naomba uende kabla majirani hawajaanza kuchungulia."

Mlango ukaanza kufungwa. Bi Nyuzi aliweka kiganja juu ya ubao wake, bila nguvu, kama anavyomwekea mtoto kichwani, na kwenye upenyo uliobaki akaona, nyuma kabisa, mwisho wa ukumbi, miguu mirefu isiyo na viatu imesimama.

"Mama," sauti ikasema kutoka huko. "Mwache aingie. Kisha ufunge."